Umesahau Namba ya Siri ya Simu? Rudisha Akaunti Kwanza, Kufuta Baadaye

Kama simu ni yako na umesahau namba ya siri au patani, ipo njia halali ya kuingia tena, na Google au Apple hawakutozi chochote kwa hilo. Unachoweza kupoteza ni vitu vyako: picha, meseji na majina ambayo hayakuhifadhiwa kwingine. Simu za miaka hii husimba kila kilichomo, yaani hukigeuza kuwa fumbo lisilosomeka, na ufunguo wa kusimbua umefungamana na namba hiyohiyo uliyoisahau. Ndiyo maana, ukiacha Samsung iliyoandaliwa mapema ambayo nitaieleza chini, hata kampuni iliyoitengeneza haiwezi kukufungulia vitu vikabaki. Inachoweza ni kukusaidia kuifuta ianze upya. Fundi akikuahidi kufungua simu ya kisasa na kila kitu kibaki, mwombe akueleze atakavyofanya kabla hujamwachia.

Kosa linalowaumiza watu wengi zaidi ni la mpangilio. Mtu akishindwa kuingia anakimbilia kuflashi. Simu inarudi kama imetoka dukani, inawaka vizuri, halafu inadai akaunti iliyokuwemo mwanzo. Nenosiri la akaunti hiyo nalo halikumbukwi. Vitu vimeshapotea na simu bado haitumiki. Kwa hiyo nakusihi ufuate mpangilio huu: okoa kinachookolewa, rudisha akaunti, kisha ndipo ufute.

Kabla hujagusa chochote

Acha kubahatisha. iPhone hukuadhibu kwa kukusubirisha: dakika 1, kisha 5, kisha 15, kisha saa nzima, na kama uliwasha mpangilio wa kujifuta, ukikosea mara 10 itafuta kila kitu. Android nazo huongeza muda wa kusubiri kadiri unavyokosea. Usimpe mtoto naye ajaribu.

Je, alama ya kidole au uso bado vinafungua? Basi una nafasi ambayo wengi hawana, lakini haidumu. Usiizime simu wala usiiache iishiwe chaji, kwa sababu ikizimika na kuwaka itadai namba, na kidole hakitakubalika. Hata isipozimika, Android kwa kawaida hudai namba angalau kila baada ya saa 72. Ichomeke kwenye chaji, ifungue kwa kidole, kisha ufanye mambo matatu papo hapo. Hamishia picha kwenye Google Photos au kompyuta. Hakikisha majina ya watu yamehifadhiwa kwenye akaunti, si kwenye simu tu. Tatu, ambalo ndilo kubwa, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya akaunti, na uandike kwenye karatasi barua pepe iliyomo, herufi kwa herufi. Watu wengi sana walifunguliwa akaunti na muuzaji siku ya kununua na hawajawahi kuitazama tena.

Kama ulibadilisha namba juzi tu na iliyokupotea ni hiyo mpya, ile ya zamani bado inaweza kukusaidia. iPhone yenye iOS 17 na kuendelea hukubali namba ya awali ndani ya saa 72: gusa “Forgot Passcode?” chini ya skrini, kisha uchague kuingiza namba ya awali. Samsung zenye Android 14 na kuendelea nazo zina nafasi kama hiyo ya saa 72.

Wenye Samsung wana mlango mwingine ambao haufuti kitu. Ukiwa uliingia kwenye akaunti ya Samsung na uliruhusu kufunguliwa kwa mbali, na simu iko hewani, tumia kompyuta kuingia smartthingsfind.samsung.com, chagua simu yako, kisha bonyeza “Unlock”. Jaribu hili kabla ya jingine lolote.

Kurudisha akaunti ya Google

Tumia simu ya ndugu au kompyuta, na ikiwezekana iwe ile uliyowahi kuingia nayo kwenye akaunti yako, ukiwa nyumbani au kazini kwenye intaneti uliyoizoea. Google huangalia mambo hayo inapopima kama kweli ni wewe. Nenda g.co/recover uandike barua pepe yako. Ukiwa huikumbuki, chagua kwamba umesahau barua pepe, kisha uandike namba ya simu na majina uliyojisajili nayo. Akaunti ikiwa ilifunguliwa na muuzaji, rudi kwake haraka. Huenda aliandika majina yako kwa namna yake au aliweka namba yake mwenyewe.

Google ikisema imetuma namba ya uthibitisho kwa meseji, wengi hukata tamaa wakidhani meseji imefia kwenye simu iliyofungwa. Toa laini. Chukua kipini, bonyeza kitundu cha kisahani, uihamishie laini kwenye kitochi au simu yoyote nyingine, kisha uombe namba itumwe tena. Laini ikidai PIN yake yenyewe usiibahatishe: ukikosea mara 3 itadai PUK, na PUK ukikosea mara 10 laini hiyo imekufa. PUK imeandikwa kwenye kadi iliyokuja na laini, na mtandao wako unaweza kukupatia. Laini ikiwa imekufa, nenda duka la kampuni ya laini yako na kitambulisho chako ukairudishe namba. Iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine itabidi huyo aliyeisajili aende mwenyewe.

Maswali yatakayoulizwa, yajibu yote. Nenosiri la zamani unalolikumbuka nusunusu liandike. Ni bora kuliko kuruka swali. Majibu ya Google huweza kuchukua saa kadhaa au hata siku. Katika muda huo kusitokee mtu wa kukupigia akidai anatoka Google na kutaka namba uliyotumiwa. Akikupigia, kata.

Nenosiri jipya likishapatikana, usikimbilie kufuta siku hiyohiyo. Google inashauri usubiri saa 24 baada ya kulibadilisha, la sivyo simu inaweza kuikataa akaunti hiyo mara baada ya kufutwa.

Kuifuta Android

Njia rahisi ni kwa mbali. Ingia google.com/android/find kwa akaunti ileile, chagua simu, kisha uamuru ifutwe. Lazima simu iwe imewashwa na ina intaneti. Utakuta pia sehemu ya kuifunga simu, na kuna video nyingi zinazodai kwamba hapo unaweka namba mpya. Ilikuwa hivyo zamani. Siku hizi simu ambayo tayari ina namba haibadilishiwi namba kwa mbali.

Isipokuwa hewani, tumia vitufe. Chaji iwe imejaa vizuri, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Zima simu, kisha ushikilie kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti mpaka nembo itokee. Samsung za miaka ya karibuni hazikubali mpaka uwe umeichomeka kwa waya kwenye kompyuta iliyowashwa, jambo linalowafanya wengi wadhani vitufe vimeharibika. Menyu ikitokea, shuka kwa kitufe cha sauti hadi “Wipe data/factory reset”, kubali kwa kitufe cha kuwasha, thibitisha, subiri imalize, kisha chagua “Reboot system now”.

Ikiwaka, iunganishe na waifai. Itataka namba ya siri ya zamani au akaunti iliyokuwemo. Huu ni ulinzi ulioanza na Android 5.1 mwaka 2015, na lengo lake ni kumfanya mwizi asipate faida kwa kuflashi. Chagua kutumia akaunti ya Google, andika barua pepe na nenosiri ulilolirudisha, na umeingia.

Akaunti ikishindikana kabisa, peleka simu kwenye kituo rasmi cha huduma cha kampuni yake. Kwa Tecno, Infinix na itel kituo hicho ni Carlcare, kilichopo Tanzania na Kenya. Samsung ina vituo vyake. Beba risiti, boksi lenye namba ya IMEI (utambulisho wa pekee wa kila simu) inayolingana na ya simu, na kitambulisho. Usiende mikono mitupu ukitegemea maneno.

iPhone

Ikiwa na iOS 15.2 au zaidi na ina intaneti, sasa kwa kuwa umeamua kuifuta, endelea kuandika namba mpaka uone “Forgot Passcode?” (au “Erase iPhone” kwenye iOS 15.2 hadi 16), gusa, kubali kuifuta, andika nenosiri la akaunti ya Apple, kisha usubiri. Zisizo na hiyo zinahitaji kompyuta: Finder kwenye Mac, iTunes au programu ya Apple Devices kwenye Windows. Zima simu kabisa. Kwa iPhone 8 na kuendelea, shikilia kitufe cha pembeni huku ukichomeka waya. Kwa iPhone 7 ni kitufe cha kupunguza sauti. Kwa 6s na za nyuma yake ni kitufe cha mbele. Usiachie mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakuuliza usasishe au urejeshe, chagua “Restore”. Intaneti ya kwetu ikiwa nzito na upakuaji ukapita dakika 15, simu inaweza kutoka kwenye hali hiyo. Acha upakuaji umalizike, kisha rudia.

Baada ya hapo itadai akaunti ya Apple. Nenosiri likiwa limepotea, nenda iforgot.apple.com, au tumia programu ya Apple Support kwenye iPhone ya ndugu yako. Huenda ukapewa muda wa kusubiri wa siku kadhaa au zaidi. Usiupiganie: wahudumu wa Apple wenyewe hawawezi kuufupisha. Zima vifaa vingine vinavyotumia akaunti hiyo, maana ikitumika katikati ya kusubiri, ombi hufutika na unaanza upya.

Hilo nalo likishindikana, ndipo unaandika ombi rasmi la kuondolewa kufuli ya akaunti kupitia al-support.apple.com. Simu isiwe imetangazwa kupotea wala isiwe mali ya kampuni au shule. Utajaza IMEI au namba ya utambulisho wa kifaa pamoja na ushahidi wa kununua. Hapa ndipo maombi mengi ya kwetu yanapokwama. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, huonyesha bei na tarehe, lakini mara nyingi IMEI haimo, kwa hiyo karatasi hiyo haithibitishi kwamba simu iliyouzwa ni hii. Rudi kwa muuzaji, umwombe ankara yenye jina la duka, tarehe, aina ya simu na IMEI. Ipige picha siku hiyohiyo, kwani wino wa karatasi zile hufifia ukiziacha kwenye pochi.

Kwa iPhone uliyoinunua ikiwa imeshatumika, iliyobaki na akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, mtafute yeye. Hahitaji hata kuishika simu: akiingia iCloud.com/find anaweza kuiondoa kwenye akaunti yake akiwa popote. Ukikuta muuzaji hawezi kumpata mtu huyo, dai fedha yako mapema.

Simu ya mkopo iliyofungwa kwa kuchelewa malipo haihusiki na haya yote. Ile hufunguliwa na aliyekukopesha, na kuiflashi kunakuongezea tatizo.

Simu ikishafunguka

Sajili kwa akaunti ileile ya zamani kabla hujafungua programu yoyote, kwani nakala ya WhatsApp ya Android imekaa kwenye akaunti hiyo. Ukishathibitisha namba, WhatsApp itakuuliza kama urejeshe mazungumzo. Kubali hapohapo, ukiruka italazimu uiondoe na kuisakinisha upya. Ikidai PIN ya hatua mbili uliyoisahau na hukuweka barua pepe, subiri siku 7 itakuruhusu kuiweka upya.

Fedha za M-Pesa, Airtel Money na mitandao mingine haziko ndani ya simu. Salio na PIN vipo palepale kwenye kampuni ya laini yako, na unaweza kuviangalia hata kwa kitochi. Programu za benki zitakuona kama mtu mwenye simu mpya, hivyo utajisajili tena, na baadhi ya benki zitakutaka ufike tawini na kitambulisho.