Abiria 20, kilo 1,600: jinsi ya kukokotoa hatari ya kuzidisha uzito

Kibao cha chombo kikisema "abiria 20, kilo 1,600", maana yake kila abiria amepewa kilo 80. Kabla ya kukiamini, kokotoa uwezekano wa abiria 20 kuzidi uzito huo.

Hatua ya 1. Tafuta wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa uzito wa abiria wako, wakiwa wamevaa nguo na kubeba mizigo ya mkononi. Hapa tutumie wastani wa kilo 75 na mkengeuko wa kilo 15.

Hatua ya 2. Anza na mtu mmoja. Tafuta z, yaani kilo 80 ziko mikengeuko mingapi juu ya wastani: z = (80 − 75) ÷ 15 = 0.33. Jedwali la mgawanyo wa kawaida, linalogeuza z kuwa uwezekano, linatoa uwezekano wa 0.37 kwamba atazidi kilo 80. Wengi huishia hapa, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu chombo hakibebi mtu mmoja.

Hatua ya 3. Sasa kundi zima. Wazito na wepesi hufidiana, kwa hiyo gawanya mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha idadi ya abiria: 15 ÷ √20 = 3.35. Kisha z = 5 ÷ 3.35 = 1.49, na uwezekano ni 0.068. Hizo ni karibu safari 7 katika kila 100, na kwangu ni nyingi mno.

Hatua ya 4. Punguza abiria mmoja, urudie. Kwa 19, kila mmoja ana nafasi ya kilo 84.2, z inafika 2.68 na uwezekano unashuka hadi 0.0037. Kwa 18, ni chini ya 1 katika 10,000. Kiti kimoja tu kinaleta tofauti kubwa hivyo!

Hatua ya 5, ambayo usiiruke kamwe: tilia shaka wastani wenyewe. Ukiwa kilo 80 badala ya 75, abiria 20 watazidisha uzito katika nusu ya safari. Tarehe 2 Oktoba 2005, boti Ethan Allen ilipinduka katika Ziwa George, Marekani, wakafa 20 kati ya abiria 47. Kikomo chake kilitokana na wastani wa ratili 140 kwa mtu, yaani kilo 63.5 hivi. Mwaka 2011 Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo waliupandisha hadi ratili 185, karibu kilo 84.

Kumbuka pia kwamba hesabu hii inachukulia kuwa uzito wa abiria mmoja hauhusiani na wa mwenzake. Ikipanda timu nzima ya raga, weka jedwali kando uwapime.