Nani mwenye "it"? Kujifunza kusoma Kiingereza na kukifahamu kwa makaratasi ya nyumbani

Mpwa wangu husoma Kiingereza kwa sauti iliyonyooka. Hakwami, hababaiki, na kwenye nukta anatua. Usiku wa kwanza nilimpa aya ya mistari sita, akaisoma kama mtangazaji wa redio. Nikamwuliza, "Haya, imesema nini?" Akatazama ukuta.

Nilimwelewa. Sisi watoto wa Lamu tumeanza kusoma chuoni, yaani madrasa ya Qurani, kwa maalim, kabla hatujafika darasa la kwanza. Huko mwanzo ni kutamka sawasawa, na maana huja baadaye kwa tafsiri. Kwa kazi yake, njia ile ni nzuri. Lakini ukiingia nayo kwenye karatasi ya ufahamu, unamaliza aya nzima ukiwa na sauti tu.

Yuko kidato cha tatu. Tumekaa mwezi mzima barazani kwetu Langoni, takriban kila usiku baada ya Isha, na ninayoyaandika hapa ndiyo yaliyosaidia. Yatamfaa pia nahodha au mpishi wa nyumba ya wageni aliyechoka kuomba asomewe.

Hatua ya 1: Chukua maandishi ambayo nusu yake unaijua tayari

Viweke kando vile vitabu vya ufahamu vyenye theluji na treni za chini ya ardhi. Mtoto wa mji ambao mizigo hubebwa na punda akipewa aya ya treni, anapigana vita viwili kwa pamoja: lugha asiyoijua na dunia asiyoijua. Apigane kimoja.

Mimi hutumia tangazo lililobandikwa jeti, karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa, maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga, au ukurasa wa gazeti uliofungiwa njugu. Mistari mitano mpaka kumi na miwili, basi.

Kila mtu ninamwanzisha na ujumbe wa M-Pesa. Ni mfupi, unakuja wenyewe, na hakuna asiyejali umesema nini. Kama umeuweka kwa Kiswahili, urudishe kwenye Kiingereza kwa mwezi mmoja. Katika mistari michache utapata kiasi, aliyetumiwa, tarehe, saa, salio na gharama ya kutuma. Angalia hasa saa. Ukiona 7:15 PM, hiyo ni saa moja na robo usiku. Nimewaona watu wazima wakibishana na mwenye duka kwamba pesa zimetumwa saa saba mchana na bado hazijafika.

Hatua ya 2: Nakili kwa mkono

Daftari na kalamu ya risasi. Andika mstari, ruka mstari. Simu iache ndani, na programu ya kutafsiri usiiguse kabisa kwa sasa. Ile nafasi uliyoiruka ndiyo tutakayofanyia kazi.

Hatua ya 3: Mtafute mwenye "it"

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo mnivumilie.

Nilimwandikia mpwa wangu aya kuhusu punda, kwa kuwa punda anawajua kunishinda. Babake ana wawili wa kubebea mchanga, na yeye mwenyewe keshawapeleka mara kadhaa kwenye kliniki ya Donkey Sanctuary, lile shirika la Uingereza lililofungua milango yake hapa mwaka 1987. Sentensi zilizotutesa ni hizi: "The man brought a donkey with a wound on its back. It had been rubbed with salt, which had only made it worse."

Nikamwuliza ni kitu gani kilichopakwa chumvi. Akajibu, "Punda." Kichwani mwake punda mzima kapakwa chumvi kama ng'onda.

Nikampa kanuni niliyofundishwa shuleni: rudi nyuma, lishike jina la karibu. Akarudi, akashika "back". Kwa hiyo sasa ni mgongo. Nikamwambia hapana, ni jeraha. "Lakini Mjomba, si umesema jina la karibu?" Hapo sikuwa na jibu. Tulikaa tangu saa mbili na nusu hadi saa sita kasoro, mimi nikipandisha sauti, yeye akizidi kunyamaza.

Aliyetuokoa ni mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui. Alikuwa ndani anatusikiliza tukitafsiri huku na huku. Akatoka mlangoni, akasema: "Nyinyi nanyi. Limepakwa au kapakwa? Semani moja tukalale."

Nilikaa kimya. Hilo ndilo tatizo lote, na ndiyo dawa yake. Kiswahili chetu hakikuachi njiani. Ukisema "limepakwa", jeraha limejitaja. "Umepakwa" ni mgongo, "amepakwa" ni punda. Ngeli inashika mkono wa kila kitu mpaka mwisho wa sentensi. Kiingereza kinavitia vyote ndani ya kapu moja la "it", kisha kinakuachia wewe ukachambue. Mwanafunzi wetu hajui kwamba hapo kuna kazi ya kufanya, maana katika lugha yake kazi hiyo hujifanya yenyewe.

Basi fanya hivi. Zungushia duara kila "it", "its", "they", "them", "this", "that" na "which". Juu ya kila duara, kwenye ile nafasi uliyoiruka, andika silabi ya ngeli: li, u, ki, i, a, wa, vi, zi. Usiandike tafsiri, andika silabi tu. Ukishindwa kuiandika, hujafahamu, hata kama kila neno unalijua. Ukiiandika, jaribu kuisema sentensi kwa Kiswahili. Ikikaa vibaya mdomoni, silabi si yake.

Katika ile aya yetu, "it" ya kwanza ni li, "it" ya mwisho ni li, na ile "its" ya mgongo ni ya punda. Na "which"? Hii ilitugharimu usiku wa pili. Haishiki chumvi, wala haishiki jeraha. Inashika tendo lote la kupaka chumvi. Ukiikuta "which" baada ya koma, jaribu kwanza kuisoma "jambo ambalo". Ikikubali, usiandike silabi, pigia mstari maneno yote inayoyashika. "This" inayoanza sentensi nayo ina tabia hiyo hiyo.

Yapo mengine ya kuangalia. Kuna "it" isiyo na mwenyewe, kama ile ya kusema mvua inanyesha au ni muhimu kufanya jambo fulani. Hiyo iandikie sifuri na uende zako. Mpwa wangu aliwahi kuitafutia mwenyewe robo saa nzima. Kuna "they" inayokusanya watu na vitu: wavuvi na nyavu zao wote ni "they", kwa hiyo wa na zi zisikuchanganye. Kuna mwenye "it" anayetajwa baadaye, "it" ikiwa imetangulia, hasa sentensi inapoanza na "when" au "although". Hapo unakwenda mbele badala ya kurudi. Na kwenye maandishi ya zamani, jahazi utalikuta limeitwa "she". Wavuvi niliowasomea hilo walicheka, mmoja akasema ni haki yake, maana hugharimu.

Halafu kuna sentensi ambayo Kiingereza chenyewe hakijaamua: "The mast fell on the boat and it cracked." Kikapasuka au ukapasuka? Huwezi kujua kwa sentensi hiyo peke yake. Andika silabi zote mbili, kisha soma inayofuata. Kama watu wanaanza kukumba maji, ni ki ya chombo. Kama wanatafuta mti wa kuunda mlingoti mwingine, ni u ya mlingoti. Maswali ya mtihani hupenda sana kukaa hapo.

Kwa "he" na "she" mambo yanageuka: sisi ndio tunaoficha kama ni mwanamume au mwanamke, wao ndio wanaofichua. Hapo utapata nafuu, ukikumbuka kuitumia.

Hatua ya 4: Maneno yenye sura ya jamaa lakini si jamaa

Weka ukurasa mmoja nyuma ya daftari kwa ajili yake. Wangu umejaa, nitatoa matatu.

"Hardly" si kwa nguvu. Boti iliyokwenda "hardly" ni boti ambayo takriban haikusogea. "The late captain" hakuchelewa, ni marehemu. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba abiria walikasirika kumsubiri.

La tatu ni "unless", na hili nina kisa nalo. Miaka ya nyuma niliomba kazi mahali, na fomu iliandikwa nisiambatishe vyeti "unless requested". Mimi niliisoma kama "ikiwa vinatakiwa", nikajiambia vyeti hutakiwa siku zote. Nikavifunga vyote, tena asilia, nikavipeleka. Kazi sikupata na vyeti sikuviona tena. Tangu siku hiyo kila "unless" ninaisoma "isipokuwa kama", kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

Hatua ya 5: Tunga maswali mwenyewe, yajibu kwa Kiswahili kwanza

Walimu wengi watakataa hili la Kiswahili. Mimi silibadilishi. Ukijibu kwa Kiingereza moja kwa moja, utanakili mstari wa aya wenye neno linalofanana na swali, na wala hutajua kama umefahamu. Jibu kwa Kiswahili halinakiliki.

Tunga swali moja ambalo jibu lake limeandikwa, moja la kukokotoa, na moja ambalo jibu halikuandikwa lakini linaonekana. Karatasi ya dawa ya malaria ya AL inafaa kuliko kitabu chochote. Kwa mtu mzima inasema vidonge vinne mara moja, vinne baada ya muda wa saa nane, kisha vinne mara mbili kwa siku kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula. Swali la kukokotoa: vidonge vyote ni vingapi? Mpwa wangu alisema kumi na sita, kwa kuwa "twice daily" aliihesabu siku moja tu. Ni ishirini na vinne, kwa dozi sita. Swali ambalo jibu halikuandikwa: mgonjwa aliyeanza saa tatu usiku aamshwe saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri, na chakula kiwe tayari. Hili ni zoezi la kusoma. Ukiwa mgonjwa kweli, fuata aliyekupima.

Hatua ya 6: Kwa wenye mtihani

Ufahamu wa KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne Kenya, uko kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza, na swali hilo la kwanza lina alama 20 kati ya 80, kwa saa mbili na nusu. Soma maswali kabla ya aya. Ukiambiwa ujibu kwa muhtasari wa nukta, usiandike sentensi kamili. Silabi za ngeli ziandike palepale kwenye karatasi ya maswali, kwa herufi ndogo. Hakuna atakayekukataza.

Siku hizi ami wa mpwa wangu naye huja barazani. Ameleta kijitabu cha injini ya boti, Kiingereza kitupu, na ukurasa wa kuwasha una "it" kumi na moja. Tumeshaziandikia tisa. Mbili zilizobaki, mpwa wangu anasema ni i ya injini, mimi nasema ni u ya mfuniko wa tangi, na ami anatutazama tu, maana boti haijatoka tangu Jumatatu.