Kulala mu nyumba ya mbao kule pori ya Kahuzi

Bandugu, Bukavu tuko mu mita kama 1,500 juu ya bahari, sasa ukipanda mpaka 2,500 kule mulima ya Kahuzi, baridi inaongezeka karibu digri 6, kwa hiyo usidanganywe na jua ya Kadutu, mtaa yetu ya Bukavu, beba bulangeti mbili na soksi kavu. Mbele ya kulipa uliza mwenye nyumba mambo tatu: maji iko wapi, choo iko wapi, na usiku njia iko namna gani. Uliza pia usalama wa barabara siku ileile, ya jana haisaidii.

Kitu kubwa ni babula, ile jiko ya makala (makaa). Sisi siku moja tuliiingiza ndani na makala nyekundu, tukafunga madirisha juu ya baridi, nusu saa kichwa kinagonga, magoti haina nguvu, tukatoka inje tunatambaa. Ile hewa ya sumu ya makala haina harufu, inaua watu wamelala. Pikia inje, makala ibakie inje, na ufungue dirisha kidogo.

Maji ya mto chemsha, ikitokota hesabu dakika 3 juu ya ile urefu. Sambaza kavu (samaki ndogo ya ziwa) na unga ya fufu zinatosha, lakini zifunge mu bidoni (dumu), panya ya kule hazina haya.