Kisu cha kukunja chenye mpini wa mti: jinsi ya kukitumia, kukinoa na kukinusuru na unyevu

Kisu ninachokizungumzia ni Opinel, kisu cha wakulima wa Savoie, milimani huko Ufaransa, ambako Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890. Vipande vyake ni vichache: mpini wa mti wa Ulaya uitwao bichi, bapa, msumari mmoja wa kulishikilia bapa na, tangu mwaka 1955, pete ya chuma inayozunguka ili bapa lisijikunje. Springi hakina. Bapa halichezichezi kwa sababu mti wenyewe unalibana, na ndiyo maana kila unyevu wa hewa unapobadilika, kisu nacho hubadilika.

Mimi natumia namba 8, yenye bapa la sentimita 8.5, kwenye shamba la michungwa Muheza. Nimeshaletewa visu kadhaa vya aina hii na watu walioamini vimeharibika, kumbe mti umekunywa maji tu.

Hatua ya 1: Kufungua na kukaza pete

Zungusha pete mpaka ufa wake ukutane na mwanya wa mpini. Tia ukucha kwenye kijifuo kilicho ubavuni mwa bapa, vuta mpaka mwisho, kisha zungusha pete tena mpaka ikaze.

Usiiache pete hata kwa kazi ya dakika moja. Zamani nilikuwa siikazi kwa kazi ndogondogo. Siku moja nikawa natoboa dumu la plastiki, ncha ikakwama, nikasukuma kwa nguvu, na bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada. Kovu lipo hadi leo. Ukikata kwa kuvuta, bapa halina sababu ya kujikunja. Hatari iko kwenye kutoboa na kusukuma.

Hatua ya 2: Kukipa kazi yake

Bapa hili ni jembamba, na wembamba huo ndio utamu wake. Linamenya chungwa kwa utepe mmoja mrefu bila kugusa nyama, linakata kamba ya katani, linachonga kijiti, na likiwa kali linafaa hata kubebeshea miche, yaani kuunganisha chipukizi la mti mmoja kwenye mche wa mwingine. Usilitumie kubandua vifuniko wala kupasulia nazi. Ncha ikivunjika hairudi, na panga lipo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 3: Kukisafisha siku hiyohiyo

Kwanza tazama maandishi kwenye bapa. Likiandikwa INOX, ni feleji isiyoshika kutu kirahisi. Likiandikwa CARBONE, ni feleji ya kaboni: inanoleka upesi na makali yake ni matamu, lakini inataka uangalizi.

Maji ya machungwa na ndimu hubadilisha rangi ya bapa la kaboni. Baada ya wiki chache litakuwa la kijivu chenye ubuluu, kama shingo ya njiwa. Usilisugue! Rangi hiyo si kutu, na husaidia kulikinga bapa. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kidoleni ukiigusa. Hiyo iondoe kwa majivu laini na kitambaa chenye mafuta.

Ukimaliza kazi, pangusa bapa kwa kitambaa chenye maji kidogo, likaushe kabisa, kisha lipake tone la mafuta ya nazi. Mafuta ya cherehani nayo ni mazuri, ila nayaweka kwenye msumari tu, kwa kuwa bapa hukata chakula. Mwanya wa mpini usafishe kwa kijiti chembamba. Uchafu wa matunda ukigandia mle, bapa halilali vizuri. Kamwe usikiloweke kisu kwenye beseni pamoja na vyombo.

Hatua ya 4: Kisu kikigoma kufunguka

Masika yakishika, mti huvimba na kulibana bapa hata ukucha ukaelekea kung'oka. Usichukue koleo. Legeza pete, shika mpini katikati, vidole vikae mbali na mwanya, kisha gonga tako la mpini kwenye kitu kigumu, kama ukingo wa meza. Bapa litachomoza kidogo, ulivute. Watu wa Savoie wenyewe hufanya hivyo.

Ukishakifungua, kiache wazi kivulini penye upepo kwa siku mbili tatu. Jua kali hupasua mpini. Kikikauka na bado ni kigumu, zungushia msasa laini kwenye kipande cha kadi na upitishe ndani ya mwanya, upande huu mara tano, ule mara tano, kisha ujaribu. Nenda polepole. Ukiondoa mti mwingi kwa haraka ya masika, kiangazi bapa litalegea, na mti uliokwisha kukwanguliwa haurudishiki.

Mwisho yeyusha nta ya nyuki kidogo, isugue kwenye mpini mzima na ukingoni mwa mwanya, halafu ung'arishe kwa kitambaa. Nta haizuii maji yote, ila inayachelewesha.

Hatua ya 5: Kunoa

Lowesha kinoo chenye chembe laini. Laza bapa, inua mgongo wake kama milimita 5, kisha sukuma kana kwamba unakata utando mwembamba juu ya jiwe, kuanzia shinani hadi nchani. Geuza, rudia. Mara kumi kila upande zinatosha kisu kisichotelekezwa. Usikipeleke kwenye mashine ya kunolea mapanga. Moto wake huua feleji nyembamba. Jaribu makali kwenye ganda la nyanya mbivu: likipasuka bila kubonyea, acha hapo.

Kukihifadhi

Ala ya ngozi hushika unyevu, kwa hiyo sikilazi humo usiku. Wakati wa masika nakiweka wazi juu ya rafu ndefu wasikofika watoto, pete imekazwa, hewa ipite mwanyani mpaka asubuhi.