Kabla Hujamlipa Fundi wa Apu: Mambo ya Kuzingatia kwa Biashara Ndogo ya Nairobi

Nilipokuwa na duka la mapazia Eastleigh nilitengenezewa programu ya simu, au apu kama tunavyoiita. Siku ilipokuwa tayari nilimwomba mteja wangu wa miaka mingi, mama mmoja wa Kayole, aipakue pale pale kaunta. Akanikabidhi simu. Kile kiduara kikazunguka, kikafika katikati, kisha yakatokea maandishi kwamba nafasi haitoshi. Akaichukua simu yake, akaipekua polepole kwa kidole gumba. "Mwanangu, humu kuna picha za wajukuu na nyimbo za kwaya. Nifute zipi?"

Sikumwambia afute chochote. Mama yule hununua mapazia mara moja kwa miaka miwili au mitatu. Kwa nini apu yangu ikae kwenye simu yake muda wote huo?

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama biashara yake inahitaji apu au tovuti, humrudishia swali: mteja wako hurudi mara ngapi? Anayeuza mitungi ya maji ya lita 20 huko Roysambu huona nyumba zile zile kila wiki. Anayetengeneza mashine za kukata nyasi za ng'ombe Kamukunji humuuzia mkulima mashine moja, na huenda wasionane tena kwa miaka kumi. Wa maji anaweza siku moja kuhitaji apu. Wa mashine anahitaji kupatikana na mtu asiyemjua kabisa, mkulima aliyekaa Ol Kalou jioni akiandika kwenye Google bei ya mashine ya kukata nyasi. Huyo mkulima hatapakua kitu cha mtu asiyemfahamu. Atafungua ukurasa, atazame picha na bei, kisha apige simu.

Kama hujui wateja wako wako upande gani, chukua daftari la kawaida uliweke kaunta kwa wiki mbili. Kila anayenunua, andika alivyokufikia: alipita njiani, alielekezwa na jirani, aliona picha kwenye hali ya WhatsApp, alikuona kwenye ramani. Andika pia kama ni mara yake ya kwanza. Hakuna fundi atakayekuambia ukweli wa duka lako kuliko daftari hilo, na ningependa kila mtu alijaze kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza. Ukikuta karibu wote ni wapita njia na majirani, huenda pesa zako zifanye kazi zaidi kwenye kibao kizuri cha mlangoni.

Kisha kuna vitu vya bure ambavyo watu huviruka. Jiandikishe kwenye ramani ya Google kama biashara. Kwa mji huu hilo ni jambo kubwa, maana anwani zetu ni za maelezo: shuka steji, ingia uchochoro wa pili, panda hadi ghorofa ya tatu, uliza mlango wa buluu. Ukiweka alama yako kwenye ramani, pamoja na picha ya lango la jengo na saa za kufungua, mtu wa boda boda atakufikia bila kukupigia simu mara nne. WhatsApp Business nayo ina katalogi ya kuweka picha na bei, na mteja wako tayari anayo WhatsApp. Hana cha kupakua, hana picha ya mjukuu ya kufuta.

Lakini usiweke duka zima juu ya kurasa za watu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, huku kwetu ikiwa jioni hadi usiku wa manane. Aliyekuwa na oda zake zote mle alikaa tu akingoja. Hapo ndipo tovuti inapokuwa na maana hata kwa biashara ndogo: ni mahali pako mwenyewe, panapofunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti, na Google inaweza kupaonyesha kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina lako. Kurasa tatu zinatosha kuanzia. Unauza nini na kwa bei gani, uko wapi, unalipwa vipi. Mwambie fundi aijaribu kwenye simu ya bei nafuu akitumia bando, sio kwenye kompyuta ya ofisi yenye waifai. Kama ukurasa unachukua muda wa kutosha mtu kukata tamaa, mwambie apunguze ukubwa wa picha.

Sasa jambo linalonitia uchungu hadi leo. Jina la tovuti, yaani domeni, husajiliwa kwa kipindi kisha hulipiwa tena. Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina hayo ya Kenya, na unayanunua kupitia kampuni zilizoidhinishwa nayo. Fundi wangu alinisajilia jina kwa barua pepe yake mwenyewe, nami sikuuliza, nikafurahi tu kuona tovuti imefunguka. Nilichapisha anwani ile kwenye mifuko ya duka na kwenye risiti. Wakati wa kulipia tena ulipofika, taarifa zilimwendea yeye, na yeye alikuwa ameshabadilisha nambari ya simu. Asubuhi moja mteja akaniambia tovuti haifunguki. Nilijaribu kuidai, lakini kwenye kumbukumbu za usajili mwenye jina hakuwa mimi. Mifuko ile niliitumia nikiwa nimeziba anwani kwa stika, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo kabla kazi haijaanza, fungua barua pepe ya biashara ambayo neno lake la siri unalo wewe. Domeni isajiliwe kwa barua pepe hiyo na kwa jina lako. Seva inapokaa tovuti, vivyo hivyo. Akaunti ya Google Play, ikiwa mtafika huko, iwe yako, na fundi apewe ruhusa ya kuingia kufanya kazi. Andika tarehe za kulipia tena ukutani karibu na leseni ya kaunti. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwomba hivyo. Akikasirika, mtafute mwingine.

Tukirudi kwa apu, nani anaihitaji? Mwenye wateja wanaorudi kila wiki au zaidi, wanaoagiza kitu kile kile, na ambaye tayari anashindwa kujibu meseji zote kwa mkono. Muuza maji wa Roysambu akifikia hapo, apu inayokumbuka oda iliyopita itampunguzia mzigo kweli. Hata hivyo aanze na tovuti ambayo mteja anaweza kuiweka kama alama kwenye skrini ya simu yake. Kwa wengi hiyo inatosha.

Na ajue gharama inayobaki baada ya kumlipa fundi. Google hutoza dola 25 mara moja kufungua akaunti ya mtengenezaji. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, na hukataa apu ambayo kwa kweli ni tovuti iliyovalishwa nguo nyingine. Google nayo hupandisha kila mwaka kiwango cha Android kinachotakiwa, hivyo apu iliyoachwa bila kuguswa hufika mahali haionekani tena kwa wateja wapya wenye simu mpya. Apu inahitaji fundi wa kudumu. Muulize bei ya mwaka wa pili na wa tatu kabla hujaridhika na bei ya mwaka wa kwanza.

Kuhusu malipo, usikimbilie mitambo. Nambari ya tili ya M-Pesa iliyoandikwa wazi kwenye tovuti inatosha kwa oda chache kwa siku. Oda zikiwa nyingi kiasi cha kukosea kulinganisha meseji za M-Pesa na majina, hapo fundi akuunganishie mfumo wa Safaricom uitwao Daraja, unaomletea mteja dirisha la kuweka PIN moja kwa moja kwenye simu yake.

Majina na nambari utakazokusanya pia zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na kibanda. Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa kwa shughuli fulani zilizotajwa, kama vile huduma za afya. Lakini kutosajiliwa hakukupi ruhusa ya kuwatumia watu matangazo kwa nambari ulizozipata walipokulipa. Waombe idhini kwanza.

Jambo la mwisho ni picha, na ziwe tayari kabla ya kumwita fundi, maana kazi nyingi hukwama hapo. Nilipomsaidia mjomba wangu wa Kamukunji, alitaka kuzipiga picha mashine zake zikiwa zimepangwa mstari, zimepakwa rangi na kung'aa. Nilimwomba aitoe moja nje mapema, kabla jua halijawa kali na njia haijajaa mikokoteni. Tukaweka futi kando yake, akaiwasha, akasukuma mabua ya mahindi ndani huku mimi nikirekodi. Kisha nikamwambia ataje bei. Akasita, akasema majirani wataiona. Tulibishana hapo kwa muda, kelele za nyundo zikiwa pande zote, mpaka akaandika bei kwa chaki kwenye bati na kulisimamisha mbele ya mashine.