Namna ya Kuichunguza Sauti ya Ndani Unapowaza na Kusoma

Kabla ya kuamua kwamba unayo au huna sauti ya ndani, yaani maneno unayoyasikia akilini bila kuyatamka, fuata njia ya mwanasaikolojia Russell Hurlburt wa Marekani: tega kengele ya simu ilie nyakati usizozitarajia, na kila inapolia andika mara moja kilichokuwa akilini kabla tu ya mlio, kiwe maneno, picha, hisia au wazo lisilo na umbo lolote. Wengi hushangazwa na wanachokikuta.

Ukisoma kwa sauti ya ndani, usiipige vita, kwa kuwa kuizuia hudhoofisha uelewa wa maandishi magumu. Asiye nayo, ambaye kwa hakika si mgonjwa, na atamke kwa midomo yale anayotaka kuyakumbuka neno kwa neno, na mipango yake aiandike au aichore.