Kabla hujampeleka hospitali mtoto anayevimba shavu kila mara

Kama mtoto wako amevimba chini ya sikio kwa mara ya pili au ya tatu, acha kusema "matubwitubwi yamerudi". Matubwitubwi mtu huugua mara moja, kurudi ni nadra sana. Shavu linalovimba, likanywea, kisha likavimba tena baada ya miezi, hiyo ni tezi ya mate, na lazima sababu itafutwe. Watoto wengi huanza wakiwa na miaka 3 hadi 6 na tatizo huisha wakifika balehe, bila ugonjwa mwingine nyuma yake. Lakini wako ambao kinga yao ya mwili ina upungufu, na hao wakichelewa kujulikana wanaumia.

Barua ya rufaa, kadi ya bima, kadi ya kliniki: weka kwenye mfuko mmoja usiku. Ukiwa unaelekea KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, toka nyumbani alfajiri. Beba maji, na mtori kwenye chupa ya chai, kwa sababu mtoto mwenye shavu lililovimba hatafuni, na foleni haimsubiri mwenye njaa.

Dawa zote alizotumia, beba na maboksi yake. Usiende kusema "ile ya unga ya kuchanganya na maji". Na kama bibi alimpa majani, sema. Hakuna atakayekupiga.

Sasa daftari. Hili ndilo lililonigharimu.

Mwanangu alivimba mara ya kwanza akiwa na miaka minne, upande wa kulia, mpaka ndewe ya sikio, ile nyama laini ya chini, ikawa imenyanyuka na kutazama nje. Zahanati ya jirani wakasema matubwitubwi, wakampa dawa, baada ya wiki akapona. Mara ya pili tulikuwa kijijini Marangu, bibi yake akampaka masizi. Mara ya tatu duka la dawa, mara ya nne zahanati nyingine kabisa. Kila mahali walimwona mtoto mpya mwenye ugonjwa mpya. Hakuna aliyejua habari za mwenzake, nami sikuandika kitu, kwa sababu nilidhani nitakumbuka. Tulipofika kwa daktari bingwa hatimaye, shavu lilikuwa limenywea, mtoto anacheka. Akaniuliza, "Mama, ni mara ngapi, upande gani, na kila mara ilikaa siku ngapi?" Nikakaa kimya. Nikasema "mara nyingi". Akaandika mara nyingi, akaniambia nirudi akivimba tena. Tukarudi baada ya miezi mitano, mtoto analia usiku kucha. Safari hii alimbonyeza taratibu mbele ya sikio, akamulika tochi ndani ya shavu, mkabala na magego ya juu, nikaona kitone cheupe kama maziwa yaliyoganda kikitoka kwenye kitundu kidogo cha kutolea mate. Miezi mitano yote ile ningeweza kuiokoa kwa daftari la shilingi mia tano na picha za simu. Kwa hiyo andika: tarehe, upande, homa kiasi gani, siku ngapi, dawa gani. Piga picha ya uso kutoka mbele, mtoto ametazama kamera, ili pande mbili zilinganishwe.

Kwenye daftari hilo hilo andika magonjwa mengine. Masikio kuuma na kutoa usaha mara 4 au zaidi kwa mwaka, nimonia mara 2 kwa mwaka, utando mweupe mdomoni usioisha, uzito usiopanda, dawa za antibiotiki miezi miwili bila nafuu: haya ndiyo yanayomfanya daktari aombe kipimo cha kingamwili za damu, yaani zile protini zinazopambana na vimelea. Uliza mapema kama maabara ya hapo inakipima au damu inapelekwa kwingine, na gharama yake.

Kubali kipimo cha VVU. Najua linavyouma, mume wangu na mimi tulikwepa mara mbili kwa kuogopa maneno ya ndugu. Tezi za mate za mashavuni kuvimba kwa muda mrefu, mara nyingi pande zote na bila maumivu, ni dalili inayojulikana kwa watoto wenye VVU, na dawa zipo. Mtoto wa chini ya miezi 18 hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kusoma kingamwili za mama yake. Wa kwetu hana VVU, kingamwili zake ndizo zilikuwa chini. Tungejua mapema zaidi tungekuwa tumeacha woga.

Kama upungufu wa kinga unashukiwa, muulize daktari kuhusu chanjo zenye vimelea hai. Usizisimamishe mwenyewe.

Nyumbani, maji mengi, kitambaa cha uvuguvugu, kukanda taratibu kutoka kwenye sikio kuja mbele, na asugue meno asubuhi na jioni. Limau la kunyonya husaidia mate kutoka akishapoa, wakati wa maumivu mwache. Aspirini usimpe. Dawa iliyobaki ya kaka yake usimpe pia. Na akishindwa kufungua mdomo, akipumua kwa shida, ngozi ya shavu ikiwa nyekundu na ya moto, au homa ikikataa kushuka, usingoje tarehe ya miadi, nenda usiku huo huo, hata kama ni kwa bodaboda.